Mshale wa Shemeji Umesimama Katikati

Jumatatu, 10 Agosti

Shemeji amekuja na gari lake. Hakuwa na shida yoyote. Alikuja ili lionekane. Ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo nikamkaribisha chai. Magari yetu ni pacha: toleo moja, umri mmoja, hata kutu imeanzia mlango uleule. Nilidhani tuko sawa. Kisha, kabla hajazima injini, nikachungulia dashibodi yake. Mshale wa joto umesimama katikati, wima, kama kiranja wa darasa! Wangu hulala chini ya nusu, kama mtoro.

Mke wangu naye akaona. Akasema gari la kaka yake limetulia. Limetulia! Miaka yote hii hajawahi kusema mimi nimetulia.

Jumamosi binti yetu anaolewa. Atapanda moja kati ya magari haya mawili, na ataamua Ijumaa baada ya kuyajaribu, maana hataki gari limchemkie njiani akiwa na shela kichwani. Baba mzazi anashindanishwa na mjomba! Nimekunywa chai yangu na ya shemeji.

Jumanne, 11 Agosti

Nimelala nikifikiri, nimeamka nikielewa. Niandike taratibu, kwani jambo lenyewe si gumu. Thamostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanabaki ndani yapate moto. Yakifika joto lililopigwa chapa juu yake, mlango unafunguka, maji yanakwenda kupoa. Yangu ni ya nyuzi 82. Ikiwa 82 inaufikisha mshale chini ya nusu, basi ya shemeji lazima iwe 88. Hesabu nyepesi kabisa.

Nikaenda dukani. Muuza spea akaniuliza kitabu cha gari kinasema ngapi. Nikamwambia 82. Akasema basi chukua 82, mzee wangu. Nikamwuliza kubwa kuliko zote ni ipi. Akasema ni 92, lakini hiyo ni ya injini changa zenye rejeta safi, si ya kizee kama hiki. Sikujua alimaanisha gari au mimi. Lakini nimefundisha hadi nikastaafu, na sijapata kuona mwanafunzi wa 82 akimpita wa 88. Nimechukua 92.

Jumatano, 12 Agosti

Fundi ameifunga ile 92 asubuhi. Mshale ukapanda vizuri. Ukafika katikati! Nikapita mbele ya nyumba ya shemeji nikipiga honi. Nikarudi, nikapita tena polepole ili aone. Hakutoka. Nikaenda sokoni na mke wangu. Kwenye foleni mshale ukavuka katikati, nami nikafurahi: nimemzidi! Mke wangu akauliza huo moshi ni wa nani. Haukuwa moshi, ulikuwa mvuke. Na ulikuwa wetu.

Aliyekuja kutuvuta kwa kamba ni nani? Ndiye. Mke wangu alimpigia bila kuniuliza. Nimevutwa mtaa mzima nikiwa nimeshika usukani, majirani wakitupungia mikono. Shemeji akaniambia kwa upole (na upole huo ndio unaoniudhi) kwamba nirudishe ile 82, kwani hata yeye anatumia 82. Mwongo! Anataka nibaki palepale.

Alhamisi, 13 Agosti

Fundi ana dawa: kuitoa thamostati kabisa. Anasema kwenye magari ya zamani huzitoa zote, ana ndoo nzima pale gereji. Maji yakizunguka bila kizuizi, gari halichemki abadani. Nikamweleza kwa utulivu kwamba injini isiyopata moto hula mafuta na hukosa nguvu. Nikamaliza kueleza. Nikamwambia aitoe.

Halichemki, ni kweli. Mshale umelala sakafuni, hauinuki hata ukibembelezwa. Kilimani gari lilikohoa mpaka mwendesha baiskeli akanipita. Akaniamkia shikamoo, akanipa pole, akaendelea zake.

Ijumaa, 14 Agosti

Ufumbuzi! Ikiwa upepo unaipoza rejeta kupita kiasi, zuia upepo. Nilikuta boksi gumu chumbani kwa binti, nikalikunjua, nikalichomeka mbele ya rejeta. Mshale: katikati! Binti na mama yake wakapanda, tukazunguka mtaa. Binti akautazama mshale, akanitazama mimi, akasema kumbe na la baba limetulia. Machozi yalinilengalenga. Alikuwa ameshakubali! Nikaongeza mzunguko mmoja tu, ili tupite kwa shemeji.

Tukachemkia mbele ya geti lake.

Shemeji alifungua boneti, akalitoa boksi kwa vidole viwili. Mke wangu akalitambua. Ni la viatu vya harusi. Viatu vinabana, vilikuwa virudishwe leo, na duka halivipokei bila boksi. Binti alichukua mkoba wake, akauhamishia kwenye gari la mjomba. Mke wangu yeye alisema maneno mengi, na yote yalianza na “Haya, Mwalimu.”

Jumamosi, 15 Agosti

Harusi. Bi harusi kapanda gari la shemeji, mimi nikiwa naye kiti cha nyuma. Njia nzima nilikuwa nimenyoosha shingo kati ya viti viwili vya mbele. Tukafika. Shemeji akazima injini. Binti akanishika mkono, akaniambia jambo kwa sauti ya chini. Sikulishika vizuri. Nilikuwa natazama mshale. Gari limezimwa, ufunguo uko mkononi mwa shemeji, na mshale bado umesimama katikati!

Nikamvuta kando kabla hata ya picha. Alicheka sana. Mshale huo umekwama tangu mwaka juzi, akasema, wala hajali, na thamostati yake ni 82 kama alivyoniambia. Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama nilimsikia binti alivyonishukuru mle ndani. Nikasema nilimsikia.

Jumapili, 16 Agosti

Nyumba kimya. Binti ameshakwenda kwake, akichechemea. Nimekaa peke yangu ndani ya gari, nikaitafakari wiki nzima kwa uaminifu, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wafanye baada ya kila mtihani. Nimekosea, nakiri. Tatizo halikuwa thamostati hata kidogo.

Tatizo ni mshale. Wa shemeji umekwama katikati kabisa, si huku wala kule. Hata kukwama anajua akwamie wapi! Kesho nakwenda kwa fundi umeme. Na wangu aukwamishe. Juu kidogo ya wake.