Vita vya Samaki Asiyeona Moto

Tegeni masikio, enyi abiria wa treni nyekundu huku kwa Waswidi, watu wa Bredäng na Vårby gård, na ninyi mnaobadili treni mkasinzia hadi Södertälje. Vueni kofia zenu za sufu, maana habari hii ni nzito. Na kabla hamjauliza, nakiri: mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, Aristide, mvuka mipaka mitatu, mshinda mahojiano manne ya uhamiaji, niliyelala msituni wiki mbili bila kulia, nikaja kutetemeshwa na sahani.

Chanzo cha vita ni binti yangu Gaëlle. Aliacha kazi niliyomtafutia kiwandani, akaenda kupika katika mkahawa wa Kiperu. Nikanguruma, naye akanguruma. Mwishowe tukawekeana kiapo: nikimaliza chakula chake mbele ya mama yake, namwachia jiko kwa baraka zangu, nikishindwa, Jumatatu anarudi kukaza skrubu za malori.

Jumamosi adhuhuri tukaingia mkahawani, mimi na suti yangu ya kanisani, ubavuni Léontine mke wangu, binti wa Uvira, mwenye ulimi uliowahi kunyamazisha kwaya nzima. Gaëlle akatoka jikoni, akaweka sahani mezani.

Lo! Vipande vya samaki mbichi, vinang'aa kama kioo, vimezama katika maji ya ndimu, vimezingirwa na vitunguu, pilipili, na mahindi yenye punje kama meno ya farasi.

"Binti," nikanena kijemadari, "moto uko wapi?"

"Hakuna moto, Papa. Ndimu ndiyo inampika. Kula sasa hivi, asikae sana ndimuni."

"Mimi mwana wa ziwa Tanganyika, niliyekula ndagala, mukeke na sangala, wote wamepita motoni, leo nimle huyu ambaye bado anatafuta maji?"

"Pappa, snälla," akanisihi, machozi yakimlengalenga. Watoto wa huku wakizidiwa hukimbilia Kiswidi.

Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Ndipo nikachomoa silaha ya mwisho.

"Tuombe," nikasema.

Ndugu zangu, ile haikuwa sala, lilikuwa handaki. Nikawaombea wavuvi, na Peru yote, mlima kwa mlima. Nikawaombea shemeji zangu wa Bujumbura kwa majina. Meza ya jirani ikaagiza, ikala, ikavaa makoti. Léontine akanikanyaga mguu. Nikafungua sala nyingine. Nilipofika kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, akapiga "Amina!" hadi vijiko vikaruka.

Nikafumbua macho. Samaki alikuwa mweupe pee, kama aliyetoka chunguni! Nikanyanyua uma, mkuki wangu wa meno manne, nikamchoma, nikatafuna. Ndimu ikanipiga mashavuni, pilipili ikanivamia kwa nyuma, na ghafla, jamani, utamu. Nikala hadi punje ya mwisho, nikainua sahani, nikanywa mchuzi mbele ya Waswidi.

"Umemkawiza, amekakamaa," Gaëlle akasema, akicheka na kulia ndani ya aproni. "Lakini umemaliza, Papa!"

Nikasimama. "Iandikwe tarehe! Jiko ni lako, na baraka nimetoa. Ila vizazi vijue: ndimu ilianza tu. Aliyempika samaki huyu ni maombi yangu."

"Ni ndimu, Papa."

"Ni maombi!"

Léontine alikuwa anafunga vifungo vya koti.

"Sawa, Baba Gaëlle. Kesho utayaombea maharage. Mimi jiko siwashi."