Sola za Dada Juu ya Gari la Wageni

Injinia alikuwa amekaa mlangoni mwa saluni ya dada yake, akijipepea kwa kipande cha boksi, alipoliona lile gari likiingia mtaani. Basi dogo la zamani, limepakwa rangi ya samawati, madirisha yana mapazia ya maua, na ubavuni limening'inizwa sufuria. Watu walikuwa wameligeuza nyumba. Lakini hakutazama mapazia wala sufuria. Alitazama paa, akaona keria tupu, na mate yakamjaa.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe, bila sherehe na bila cheti. Alishawahi kuuza marashi yaliyokuwa maji, na maji yaliyokuwa dawa. Sasa alikuwa kwenye sola. Uani, nyuma ya mapipa, alikuwa ameficha paneli mbili alizoziunda kwa mikono yake: plaiwudi, juu yake plastiki nyeusi ya kubandika kwenye vioo vya magari, mistari ya fedha iliyochorwa kwa rula, na fremu iliyotoka kwenye dirisha la mtu. Zilipendeza kuliko za kweli. Umeme tu ndio hazikuwa nao.

Sasa, mteja mwenye nyumba ni mzigo. Ukimfungia plaiwudi leo, kesho yuko mlangoni na shemeji zake. Lakini mteja mwenye gari la kulala ni zawadi. Unamwachia betri iliyojaa, taa zinawaka, anakushukuru, anaondoka, na betri inapokata roho yeye yuko nchi za mbali akiyalaumu mawingu. Injinia alikuwa ameliota gari la namna hii kwa muda mrefu.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna anayenunua sola bila kuijaribu, na sola pekee za kweli alizoweza kuzifikia zilikuwa juu ya paa la saluni. Ndizo zilizoendesha mashine za kukausha nywele, na ndizo mali ya dada yake, aliyekuwa ameenda kumchukua bibi harusi na wapambe wake waje watengenezwe. Huyo dada ndiye ndugu pekee aliyekuwa bado anamfungulia mlango. Alimpa chumba cha uani, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba kosa moja tena na atafungasha vyake. Injinia aliiogopa ile sauti ya chini kuliko polisi. Lakini nitazirudisha kabla hajafika, alijiambia, na akainuka.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Naona paa liko uchi."

"Marahaba, mwanangu," alisema mama mnene mwenye kofia pana, akishuka kwa kujikokota. Mumewe, mrefu na mkimya, alibaki ameshika usukani kana kwamba gari litakimbia. "Liko uchi kweli. Tumestaafu, tunataka kuzurura kidogo kabla magoti hayajakataa. Lakini friji inanyonya betri, asubuhi maziwa yamechacha."

"Basi hamkupotea njia. Mnazungumza na Injinia."

Alimpa mama kiti, akawapa somo. Kuna paneli za kioo, alisema, na kuna zile nyembamba zinazopinda. Nyembamba ni nyepesi na zinabandikwa kwa gundi, ila zikilalia bati la moto zinachoka mapema. Za kioo unaziinua kidogo juu ya keria, hewa inapita chini yake, zinadumu. Kila neno lilikuwa kweli. Injinia hakuwa mtu wa kudanganya mapema, alisubiri mteja akolee.

"Na lile tundu la hewa la paani?" mama aliuliza. "Kivuli chake si kitaziangukia?"

"Ndiyo maana tutaziweka mbele, mama. Paneli ikipata kivuli kwenye kona tu, inanuna yote."

"Zinawaka na usiku?" mumewe aliuliza kutoka kwenye usukani.

Injinia alitamani kumbusu. "Usiku zinapumzika, baba. Hata wewe unapumzika."

Aliingia uani, akapanda paa la saluni, akashusha paneli za dada na kuwaletea. Aliziunganisha na feni, feni ikapuliza kofia ya mama mpaka barabarani. Mama alicheka akapiga makofi, akakimbilia kofia yake. Mambo yalikuwa yanaenda kwa raha kiasi kwamba Injinia alianza kuimba puani.

"Tunazichukua," alisema mama. "Lakini mimi sinunui kiatu bila kukivaa. Kwanza zipande paani, nizione zimekaaje, ndipo tulipane."

Hilo nalo Injinia alilipenda. Alizipandisha, akazishika kwa bolti mbili mbili, nati akazizungusha kwa vidole tu, kwa maana baada ya muda mfupi zingeshuka na plaiwudi ingepanda. Kisha akafunika kila kitu kwa turubai.

"Nimeweka gundi ya silikoni kwenye miguu ya paneli," alieleza kwa uso wa daktari. "Haitaki vumbi. Nendeni mkale pale ng'ambo, mkirudi itakuwa imekauka."

Wakaenda wameshikana mikono. Injinia alizivuta paneli zake kutoka nyuma ya mapipa, akazipandisha kwa ngazi ya nyuma ya gari, akaingia nazo chini ya turubai kama panya kwenye gunia. Ndipo aliposikia milango inafunguliwa. Wamerudi, na chakula hawajakigusa.

"Fundi yuko wapi?" sauti ya mume.

"Atakuwa ameenda kula naye," sauti ya mama.

Injinia alilala kifudifudi, kimya. Angejitokeza angesema nini? Mtu mmoja, paneli nne, na mbili kati ya hizo zina alama za rula. Akaona bora asubiri. Injini ikawaka, gari likarudi nyuma, likageuka, likaondoka.

Tundu la hewa lilikuwa karibu na sikio lake, na sauti zilipanda safi.

"Ametoa za kweli kabisa, mume wangu. Umeiona ile feni?"

"Nimeiona. Safi kuliko friji."

"Friji usiiseme vibaya. Yule wa friji alikuwa mwizi hodari, alituletea mpya ili baadaye aibadilishe, tukaondoka kabla."

"Na yule wa godoro?"

"Wa godoro alilia. Nilimhurumia." Mama alishusha pumzi. "Lakini ndiyo faida yake. Ukimchukulia mtu mwema, anakwenda polisi. Ukimchukulia tapeli, anakwenda kulala."

Injinia aliinua kichwa chini ya turubai. Miaka yote alikuwa anajiona yeye ndiye anayechagua wateja. Alitaka kupiga kelele, lakini gari lilipanda tuta, yeye akapaa, akarudi kwa kidevu.

Barabara kuu ndiyo ilimtesa. Upepo uliinyanyua turubai, ukaivua yote, ukaipeleka kwa mwendesha pikipiki aliyetukana bila kujua anamtukana nani. Plaiwudi ya kwanza iliifuata, ikapaa vizuri sana, ikatua kwenye kibanda cha muuza mitumba. Abiria wa basi lililopita walimwona mwanamume amelala juu ya nyumba inayokimbia, wakampungia mikono. Naye, kwa mazoea ya biashara, akawapungia.

Mkono ule mmoja ulimponza. Aliyumba, akadaka fremu ya paneli ya dada, na paneli ikacheza. Nati za vidole zilikuwa zinafunguka. Zikitoka, paneli zinaruka, na Injinia anaruka nazo, na hata akipona itabidi amweleze dada. Alichomoa spana mfukoni na kuanza kukaza. Alikaza bolti ya kwanza akiomba, ya pili akilia. Aliongeza zote zilizobaki mfukoni, akaweka na vipande vya mpira chini ya miguu ili zisitikisike, akanyoosha waya na kuufunga vizuri kwenye keria. Maishani mwake hakuwahi kumfungia mtu sola kwa uaminifu kiasi kile. Alipomaliza bolti ya mwisho, gari likaruka shimo na spana ikaenda zake.

Kwenye kituo cha mafuta, nje kabisa ya mji, gari lilisimama.

"Shuka taratibu, mwanangu," alisema mama bila kutazama juu. "Usinikanyagie tundu langu la hewa."

Injinia alishuka. Mama alimpa maji ya kunywa. Mumewe alipanda ngazi, akashika fremu, akaivuta, akaning'inia kwa uzito wake wote. Gari lilitikisika, paneli haikutikisika. Aliteremka na plaiwudi iliyobaki kwapani, akaibandua plastiki kwa ukucha.

"Kazi nzuri," alisema. "Sizungumzii hii."

"Mlijua niko juu?"

"Sasa nani angezifunga?" mama aliuliza. "Huyu mume wangu hajui kukaza hata nati."

"Hizo ni za dada yangu. Nipeni nizifungue, tuachane kwa amani."

"Fungua, mwanangu."

"Spana imeanguka. Nipeni yenu."

Mume na mke walitazamana. "Hatuna," alisema mama kwa masikitiko ya kweli. "Wa spana bado hatujakutana naye."

"Naita polisi."

"Waite. Tutakaa nao, tutawapa na chai. Utawaeleza na hii," akaigonga plaiwudi kwa kidole, ikalia kama meza.

Injinia hakuita mtu. Gari liliondoka polepole, paneli mbili zinameremeta juu ya paa, zimenyooka, zimekaa pazuri mbali na kivuli. Simu ikalia mfukoni.

"Uko wapi?" Ilikuwa ile sauti ya chini. "Bibi harusi amekaa hapa na nywele zimelowa. Paani hakuna kitu."

Alikuwa amechoka mno asiweze kutunga uongo. Kwa mara ya kwanza tangu utoto, alimwambia dada yake ukweli wote: plaiwudi, wazee, friji, tundu la hewa, bolti, kila kitu, mpaka spana. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Huo ni uongo mbovu," alisema. "Kila siku unanidanganya, lakini angalau unajitahidi. Leo hata hukujitahidi. Fungasha vyako uani, usinirudie."

"Dada, ngoja." Injinia alijifuta uso. Alivuta pumzi, akatazama barabara tupu. "Nilikuwa nakuficha nisikutie hofu. Ulipiga upepo mkali. Ulizing'oa zote mbili. Nilipanda kuziokoa, nikaanguka. Niko hospitali."

Kisha sauti ya dada ikarudi, imelainika kabisa.

"Ndugu yangu. Umeumia?"

Injinia alijipapasa kidevu.

"Sana," alisema.

"Nisubiri hapohapo. Nafunga saluni, nakuja. Hospitali gani?"