Dumu la Bia kwa Mzee Semboja

Alhamisi, 10 Julai 2025

Jumapili napeleka posa Bungu, juu milimani. Baba yake Hilaria, Mzee Semboja, amekubali kunipokea. Ametaka niende na mshenga, na pombe ya wazee iwepo. Nikiharibu siku hii nimekwisha. Hilaria ameshasema hana mpango wa kuzeekea kwao akinisubiri.

Gerald wa duka la vifaa vya ujenzi alinitangulia mwezi uliopita. Alipanda na kreti kadhaa za bia, akakataliwa. Mimi najua kwa nini. Bia za dukani! Nani hajawahi kuziona? Hilaria alinieleza sababu nyingine kwenye simu, kitu kuhusu baba yake kulewa akadondokea shimo la taka, na mama yake kuapa sijui nini. Nilikuwa nafungua friji bovu la Bi Maryamu, mteja wangu, sikusikiliza vizuri. Nikamjibu sawa mpenzi.

Mpango wangu uko hivi. Pangani kuna mgahawa mpya, wanapika bia yao wenyewe hapo hapo. Korogwe nzima huipati. Gerald atanyooka.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata mshenga. Mustafa, rafiki yangu wa Handeni, muuza nguo mnadani. Huyu anaweza kukuuzia koti saa saba mchana, na jua lote lile la Handeni. Isitoshe ni mtu wa swala tano, pombe hajawahi kuigusa. Hapo ndipo nilipomfikiria zaidi. Mzigo utafika salama.

Baba mdogo amenuna. Anasema ushenga ulikuwa wake. Ni kweli, ila yeye akionja haachi. Akanikumbusha kwamba kule juu aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, wenyeji waone haina kitu kibaya. Nikamwambia asihofu, nitaonja mwenyewe. Kinywa ninacho.

Jumamosi, 12 Julai

Pangani. Mto ule ule unaopita kwetu Korogwe, wao wameusubiri mwishoni wakajenga mgahawa. Nyuma ya kioo kuna mapipa ya chuma, safi kuliko sahani zangu. Mustafa aliagiza samaki na soda, akakaa kanipa mgongo.

Mhudumu, Chausiku, akaniletea ubao wenye vijiglasi vya kuonjea. Nikamwambia aanze yeye. Akasema yeye ni Mwislamu na yuko kazini. Nikamweleza kwamba kwetu mwenye chungu huonja kwanza. Akauliza chungu kipi. Meza ya jirani wakageuka wote. Mustafa akainamia samaki wake kama hanijui.

Chausiku akaenda kumwita mpishi wa bia. Nikajua natolewa nje. Akaja dada mmoja, Stefania, amevaa mabuti ya mpira. Aliposikia kesi alicheka, akasema bibi yake wa Mpale, huko huko milimani, hakumpa mtu boha, pombe ile ya miwa, bila kuionja kwanza. Akaonja vijiglasi vyote, kimoja kimoja, ndipo akanisogezea. Nilishusha pumzi. Kimoja kilikuwa na ladha ya embe. Kingine kichungu kama mwarobaini, hicho nikakiheshimu tu. Cha tatu, cha kahawia, nilifumba macho. Nikasema hiki, nijazieni dumu.

Stefania hakulipenda dumu langu. Akasema bia hii bado hai, inachachuka, ikipata joto na kifuniko kikibana italipuka. Nikamfahamisha kwamba anaongea na fundi friji. Kifuniko nikakikaza kwa koleo.

Tumerudi Korogwe, kwangu Manundu, jioni. Dumu liko ndani ya friji la Bi Maryamu, nimemaliza kulitengeneza jana, linaunguruma vizuri. Mustafa analala kwangu.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka misa ya kwanza nikamkuta Mustafa mlangoni, kaoga, kofia kichwani, dumu mkononi. Akasema twende, tusikae. Macho yake mekundu. Nikajua ni woga.

Bungu. Sebule imejaa wazee. Shikamoo, shikamoo, marahaba. Mustafa akaongea mpaka mzee mmoja akafuta machozi. Nikaona nimeshinda. Ndipo Mzee Semboja akasema vizuri, kijana, sasa aliyeleta aonje.

Nikanyoosha mkono. Mama yake Hilaria alikuwa ameketi mbele yangu, ananitazama. Mkono ukarudi wenyewe. Mkwe hanywi pombe mbele ya mama mkwe! Hata mtoto anajua. Akinywa, hakuna posa. Asipoonja mtu, wamekataa mzigo, na posa hakuna vilevile. Anayebaki ni mshenga. Mshenga wangu ni mtu wa swala tano. Nilimwona baba mdogo, huko aliko, akicheka.

Mustafa akasimama, akajaza glasi, akasema Bismillahi, akanywa yote. Akajaza tena.

Nililia. Rafiki yangu ameacha dini kwa ajili yangu. Hilaria akaniletea leso, na yeye akidhani nalia kwa mapenzi.

Mzee Semboja akanywa. Akaitazama glasi. Akauliza hii ni pombe ya namna gani. Mustafa akamjibu kwa upole kwamba ndiyo ya siku hizi, mzee, hailevyi mtu. Mama akaomba aonje. Akaonja, akamwangalia mumewe, akatangaza kwamba tangu lile shimo la taka alikuwa ameapa: atakayeingia na pombe ya kulewesha, binti hampati. Huyu ndiye mkwe.

Nikainuka kushukuru, nikakaa juu ya sinia la kuku.

Jumatatu, 14 Julai

Mustafa amesema ukweli kabla ya kupanda gari la Handeni. Asubuhi ile, mimi nikiwa misa, alikuta friji la Bi Maryamu limezima tangu usiku, akalifungua, kifuniko cha dumu kikaruka, bia yote ikamwagika. Ilimpiga machoni. Akakimbilia stendi, akalijaza dumu juisi ya miwa na tangawizi. Hakuniambia. Aliogopa ningebuni mpango mwingine.

Nimefarijika kuliko siku zote. Rafiki yangu yuko kwenye dini yake, Hilaria ni wangu, Gerald hana hamu. Bi Maryamu tu ndiye anayelalamika kwamba friji limerudi likinuka baa.

Harusi ni Oktoba. Mama mkwe ameagiza kinywaji kile kile, cha kutosha ukoo mzima. Juisi ya miwa, kwenye harusi yangu? Hapana. Nitapika bia halisi, mwenyewe. Mapipa nimeshayaona, hayana siri. Simtanki nimeshaazima. Mama hatajua tofauti, na Mustafa simwambii.

Safari hii kifuniko nitakifunga na waya.