Vita vya Bahiya na Kichujio Asiyeonekana

Sogeeni, enyi wa kandokando ya mto na enyi wa mbugani, wenye majembe na wenye fimbo. Zimeni redio, ipueni sufuria, mfungeni mbuzi asije akautafuna mkeka mliokalia. Ninayo habari ya vita vilivyopiganwa Garsen mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa, katika chumba kilicho nyuma ya duka la mafuta ya taa, baina ya Bahiya binti Komora, Mpole wa Sauti, Mwenye Vidole Visivyotetemeka, na kijiprogramu kimoja kilichokataa kuonekana. Damu haikumwagika. Chai ilimwagika, lakini hilo litafika mahali pake.

Chumba hicho kilikuwa ngome ya kikundi cha akina mama, na aliyekitawala ni Mashavu, Mwenyekiti na Mshika Funguo, ambaye kaseti zote za harusi na mawaidha kutoka Kinakomba hadi Golbanti zilipita mkononi mwake. Humo, juu ya meza iliyofungwa kamba mguu mmoja, ilikaa kompyuta, nayo ilikula dizeli kupitia jenereta iliyokohoa uani. Ndani ya kompyuta iliishi programu kubwa ya sauti, na ndani ya programu hiyo vilipachikwa vijiprogramu vidogo vya kuisaidia, ambavyo Bahiya, fundi wa sauti wa kikundi, aliviita vipachiko. Mwangwi aliifanya sauti ya chumbani ivume kama ya ukumbini. Kibano alizikaba shingo sauti zilizopanda mno. Na Kichujio, jemadari wao, aliupepeta mngurumo ukaruka kama pumba, ikabaki sauti tupu ya mtu, safi kama mchele.

Ndipo alipokuja Fahad kutoka Mombasa, binamu yake Bahiya, Mvaa Miwani ya Jua Hata Ndani ya Nyumba. Akautazama mfumo wa kale wa kompyuta ile kama mtu anavyomtazama punda anayekaribia kufa.

"Dada yangu," akanena, "huu mfumo ni wa enzi za babu zetu. Nakuwekea mpya sasa hivi. Mashine itapaa, wallahi, mtaifunga kamba!"

Akauondoa wa kale, akauweka mpya. Mali yote ya zamani akaihamishia kwenye kabrasha moja aliloliita Vya Zamani, akala kambare wa kukaanga, akapanda basi, akaenda zake kwa utukufu. Kulipokucha, Bahiya aliifungua programu ya sauti, akaenda mahali vipachiko vilipokuwa vikijipanga kama askari wa gwaride. Hapakuwa na Mwangwi. Hapakuwa na Kibano. Kichujio naye hakuwapo.

Msicheke, enyi wasikilizaji, kwani kesho yake ilikuwa harusi ya Sabdio. Na Sabdio alikuwa ameomba jambo moja tu: siku ya harusi yake isikike sauti ya nyanya yake, Abdia, akiimba wimbo wa kunyweshea ng'ombe kisimani. Abdia aliimba wimbo huo mbele ya kinasa sauti cha Bahiya kabla ya mafuriko, na homa iliyofuata mafuriko ikamchukua. Kaseti yenyewe iliingia maji ikaharibika. Sauti ile sasa haikuwa popote duniani ila ndani ya kompyuta ile, na hata humo ilikuwa imezama, kwa maana siku ya kurekodi pampu ya maji ya shamba la jirani ilinguruma mwanzo hadi mwisho. Bila Kichujio, harusini ingeimba pampu.

Bahiya, ambaye mbele ya watu watatu koo humkauka, mbele ya mashine alikuwa na ufasaha wa kadhi. Akaikabili, akasema:

"Ewe mashine, mla dizeli, sikukukosea. Vumbi nakufuta, kitambaa nakufunika. Kichujio yumo ndani yako, namwona kwa macho yangu amelala katika kabrasha la Vya Zamani. Mbona programu inasema hayupo?"

Mashine ikavuma kwa feni yake.

Akashambulia. Akamnakili Kichujio kutoka kabrasha la kale, akampeleka hadi kabrasha la programu yenyewe, akamweka pale katikati. Akafungua orodha. Tupu. Akaizima mashine na kuiwasha, silaha ya kale ambayo mafundi wote huiheshimu. Tupu.

Akatoka kwenda kumpigia Fahad simu. Mlangoni palikuwa na mzee amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini, kilemba kimefungwa vizuri. Bahiya akamwamkia, naye akaitikia. Akadhani anangoja mafuta ya taa. Mwenye duka akadhani anangoja gari. Kila mtu alimwona, na hakuna aliyemuuliza neno.

"Futa diski yote, dada!" Fahad akanguruma ndani ya simu, kwa ushujaa wa mtu aliye mbali na vita. "Futa kila kitu, uanze upya. Mashine mpya, moyo mpya!"

"Na sauti ya nyanya yake Sabdio?"

"Nyimbo za wazee ziko nyingi. Tafuta nyingine."

Bahiya akaitumbukiza sarafu yake ya mwisho. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Fahad hakuwahi kuisikia ikimpinga mtu, akasema, "Sifuti," akaitundika simu. Vidole havikutetemeka.

Akampita tena yule mzee, akaingia, akaendelea na vita hadi adhuhuri ikapita na mwisho wa dizeli ukaanza kusikika.

Alasiri Mashavu akarudi kutoka shambani kwake kijijini Wema, mkungu wa ndizi kichwani, akafika mlangoni akapiga ukelele.

"Ala! Mzee Galma! Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi," akajibu mzee kwa utulivu.

"Na hawa hawakukukaribisha? Mbona hukusema wewe ni nani?"

"Mtu anajitaja mwenyewe, Mashavu? Mimi ni mwizi nimekamatwa? Kwetu mgeni hutajwa na mwenyeji. Mwenyeji wangu hapa ni wewe. Ulikuwa shambani. Nikangoja."

Mashavu akautua mkungu, akasimama katikati ya uwanja, akatangaza kwa sauti iliyowanyamazisha kuku: "Sikieni nyote! Huyu ni Galma, mwana wa Kotile, mwana wa Abdullahi, wa boma la ng'ombe wekundu! Mama yake ni marehemu Abdia. Ni baba yake Sabdio, bi harusi wa kesho, na amekuja kuchukua sauti ya mama yake!"

Hapo, enyi wasikilizaji, kikatokea kiti. Kikombe cha chai kikatokea. Mwenye duka akatoka na kashata, akiapa kwamba sura hiyo aliijua tangu asubuhi. Mzee hakuwa amesogea hata hatua moja, ila sasa alionekana.

Bahiya, aliyekuwa akimpelekea chai, akasimama ghafla. Kikombe kikapinduka, chai ikammwagikia mzee kifuani.

"Hakutambulishwa," akasema.

"Ndiyo, mwanangu, tumekosa," akasema Mashavu, "lakini usimwogeshe."

"Si yeye, mama. Kichujio! Nimemkalisha katikati ya boma tangu asubuhi, na hakuna aliyemtaja kwa mwenyeji!"

Mfumo wa kale ulimjua Kichujio kwa kuwa alitambulishwa siku alipoingia. Mwenyeji mpya hakuambiwa neno, na kumweka mbele yake hakukutosha. Bahiya akakimbilia kitini, akafungua kidirisha cha amri, akaandika amri ya kusajili aliyofundishwa chuoni siku moja ya joto, wakati nusu ya darasa imelala. Mbele yake akaandika jina: Kichujio. Akabonyeza.

Mashine ikasema haimfahamu mtu huyo.

Uani jenereta ikakohoa, ikashika tena. Galma, doa la chai likikauka kifuani mwake, alikuwa amesimama mlangoni bila kuuliza. Bahiya akamtazama, akakumbuka alivyotajwa: mwana wa fulani, mwana wa fulani, wa boma fulani. Akaandika upya, safari hii na ukoo mzima: diski, kabrasha ndani ya diski, kabrasha ndani ya kabrasha, na mwisho kabisa Kichujio mwenyewe. Akafumba macho, akabonyeza.

Mashine ikakiri kwamba imempokea.

Akafungua programu. Juu ya orodha iliyokuwa tupu kama kibuyu cha kiangazi, alikuwapo Kichujio, peke yake, bila kuomba radhi.

Bahiya akamtuma vitani. Pampu ikarudi nyuma, ikafifia, ikafa. Na pale ilipokuwa ikasimama sauti ya Abdia, kavu kidogo, yenye pumzi, ikiita ng'ombe waje majini. Ndama mmoja alilia kwa mbali. Abdia akaimba ubeti wake, kisha kimya. Huo ulikuwa wimbo wa kupokezana, na walioitikia walisimama karibu na pampu, hivyo pampu ilipoondoka iliondoka nao. Abdia akaita tena, na tena hapakuwa na wa kumjibu.

Bahiya akainamisha kichwa. Alidhani ameshindwa baada ya ushindi.

Abdia akaita mara ya tatu. Na kutoka mlangoni, taratibu, kwa sauti nzito ya mtu aliyewahi kushika kamba ya kisima utotoni, Galma akaitikia.

Aliitikia hadi wimbo ukaisha. Mashavu alijifuta uso kwa pembe ya leso, akasema ni moshi wa jenereta, kisha akapanda juu ya kizingiti akautangazia mji wa Garsen kwamba siku hii iwekwe pamoja na siku mto ulipohama na siku daraja lilipojengwa, kwa kuwa Bahiya binti Komora amemtoa Kichujio katika giza. Garsen ikaitikia kwa mtu mmoja, mwenye duka, aliyeuliza kama kashata italipwa.

Sauti ikanakiliwa kwenye kaseti mpya, dizeli ikakata roho wimbo ulipokwisha, na Galma akaondoka nayo kifuani, juu ya doa la chai. Kwa hiyo kumbukeni, enyi wa mtoni na wa mbugani: harusini kwa Sabdio nyanya yake aliita, na boma zima likaitikia. Mwangwi na Kibano wangali wamekaa nje juu ya jiwe, wakingoja mwenyeji awataje.