Samaki Watatu wa Patron Paluku

Kabambare, Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Patron Paluku, bosi wangu, amepelekwa Kinshasa, figo zinamsumbua. Ameniachia samaki wake wa bahari. Watatu, wadogo, rangi ya chungwa, ndani ya sanduku la kioo sebuleni. Kabambare nzima hakuna wengine. Nikiwatunza vema, akirudi atanipa usimamizi wa duka lake la kununua dhahabu. Asani, mpimaji wa dukani, naye anautaka. Maskini. Yeye hakuachiwa hata kuku.

Agizo ni moja: kila asubuhi kile kipimo cha kioo kinachoelea kisome 1,025. Hapo chumvi inatosha. Leo nilikisugua kwa mchanga king'ae. Kimevunjika. Sikumwambia mama Kahindo, mke wa patron. Ulimi wa kuonjea ninao.

Alhamisi, tarehe 6

Kiangazi kikali. Maji yamepungua vidole vinne. Nikafikiri sana: yaliyopotea yalikuwa ya chumvi, basi yanayorudi yawe ya chumvi. Nikajaza. Nikaonja. Safi kabisa. Ingawa nilikuwa nimetoka kula makayabo, wale samaki wa chumvi, labda ulimi ulikuwa umechoka.

Asani alipita, akauliza napima kwa kifaa gani. Nikamjibu: kwa uzoefu.

Jumamosi, tarehe 8

Mmoja amekufa. Mama Kahindo ndiye aliyemkuta. Alikaa mbele ya kioo, akasema polepole: "Baba Paluku alikuwa anawahesabu kila asubuhi mbele ya kusali. Akipiga simu, nitamuambia nini?"

Nikamshauri aseme watatu.

Jumapili, tarehe 9

Nimemkumbuka bibi yangu wa Lusangi. Yeye alikuwa akitia samaki chumvi, na maji yake yalitosha pale yai lilipoelea. Nikatumbukiza yai bichi. Likazama hadi chini. Kumbe chumvi ilikuwa kidogo! Nikaongeza konzi nne. Yai likajiinua upande mmoja tu, kama mgonjwa.

Adhuhuri aliyeelea alikuwa samaki wa pili.

Jumatatu, tarehe 10

Mama Kahindo amemwita Asani bila kunishirikisha. Amekuja na mizani ya dhahabu na kichupa kimoja. Akakijaza maji ya mvua ya akiba mpaka mdomoni, akakifuta nje, akapima, uzito wa kichupa akautoa: gramu mia moja kamili. Akamwaga, akakikausha, akakijaza maji ya samaki: mia na tatu na nusu. Alisema ilitakiwa mia na mbili na nusu, ndiyo ile 1,025 ya patron. Eti jua linachukua maji na kuacha chumvi, kwa hiyo kila nilipojaza nilikuwa nairundika.

Alitoa maji kidogo na kutia yasiyo na chumvi kidogo, hivyo hivyo siku nzima. Akaniuliza kama nataka kujifunza kutumia mizani. Nikasema mgongo unaniuma.

Alhamisi, tarehe 13

Samaki wa tatu anakula. Patron alipiga simu, na mama akamwambia ukweli wote. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nadhani patron aliuliza ni yupi aliyebaki, maana mama alisema, "Ule mudogo." Nikaangalia miguu yangu.

Jioni funguo za duka zilikwenda kwa Asani. Mimi mama Kahindo aliniambia hivi: "Zacharie, weye si mutu mubaya. Lakini haupendi kuuliza."

Nilitaka kumuuliza ana maana gani. Nikaacha.

Wamaza, Jumanne, tarehe 18

Nimefika kwa moto, yaani pikipiki, mifupa yote inalia. Mama Emilienne ana mabwawa mawili ya samaki wa mtoni na alikuwa anatafuta mtu mzoefu. Nilimweleza kwamba mimi nimetunza samaki wa bahari. Akanipa kazi papo hapo.

Analalamika kwamba samaki wake hawakui. Alitaka kwanza tumuulize jirani mwenye mabwawa ya zamani. Nikamtuliza, haina haja. Niliinama, nikaonja maji. Hayana chumvi hata chembe.

Nimeagiza magunia mawili.