Povu la Kopo na Sufu ya Mawe

Jumatatu, 3 Juni
Kazi imeanza. Nyumba ya wageni, ghorofa tatu, tundu kila bomba linapopenya dari. Tunayaziba ili moto na moshi visipande juu. Mimi nina upande wa kulia, shemeji, kaka yake mke wangu, ana wa kushoto. Atakayemridhisha mkaguzi atapewa kazi kama hii ya hospitali nzima. Shemeji kaja na mafurushi ya sufu ya mawe, nyuzi za mwamba ulioyeyushwa, pamoja na glavu, barakoa, kisu. Mimi nina kopo la povu la kuzibia. Unabonyeza, linatoka jembamba, kisha linavimba polepole kama wingu lililoamua kuhamia ndani. Nililitazama mpaka nikasahau saa. Mchana nikawa nimemaliza. Shemeji yuko tundu la pili. Kaniambia povu hilo ni la madirisha: linazuia upepo na kelele, moto haliuwezi. Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni
Povu limeendelea kuvimba. Kabati la mabomba halifungi tena. Nilipolisukuma povu lilikuwa bado bichi. Vidole viwili vimegandana. Mke wangu kajaribu mafuta, kajaribu sabuni, akauliza mbona kaka yake hurudi na vidole kumi. Nilikuwa dirishani, naangalia mawingu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata mbinu! Shemeji alipokwenda kula nilichota sufu yake, nikaipachika juu ya povu. Kwa macho, kazi zetu ni pacha. Glavu sikuvaa. Sasa nyuzi zake zinaniwasha, najikuna hadi kwenye nyusi. Jioni nilisinzia nikaota kondoo wa mawe wanatembea darini bila kishindo. Ndoto tamu.

Alhamisi, 6 Juni
Mkaguzi ni mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alibonyeza sufu yangu. Kidole kikazama hadi kwenye povu. Nikasema ni tabaka mbili, mtindo mpya. Akakata kipande kila upande, akavipeleka uani, akavielekezea moto wa gesi wa fundi bomba. Sufu ya shemeji iliiva nyekundu. Moto ulipoondolewa ikabaki vilevile, kijivu. Povu langu lilishika moto papo hapo, likasinyaa, likafuka moshi mweusi.

Kisha akanipandisha chumba kilicho juu ya tundu langu. Mama wa mwenye nyumba ameshahamia. Alikuwa amelala, viatu vimepangwa chini ya kitanda. Mkaguzi akaninong'oneza, "Moshi ungemfikia kabla hajajua kuna moto. Ungekuja kumwamsha wewe?"

Nilishuka kwa ncha za vidole. Mawingu sikuyaangalia.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwangua povu lote. Shemeji hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kanipa glavu, kanielekeza: sufu ikatwe kubwa kidogo kuliko tundu ili ijibane yenyewe, halafu ipakwe rojo isiyoungua juu na chini. Mkaguzi kapitisha. Hospitali ni ya shemeji. Mimi msaidizi wake.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelala mchana na kuamka na wazo. Mabaki ya sufu yamejaa stoo. Nyepesi, inapendeza machoni, haiungui. Kwa nini iishie kwenye matundu? Nimeshona godoro! Watu watalala juu ya wingu ambalo moto hauliwezi. Shemeji ataomba kazi kwangu. Mama mkwe anafika kesho, atakaa wiki mbili. Nimemtandikia mwenyewe, shuka moja tu, jepesi, ili aisikie ile sufu vizuri.