Nilivyotega Neno Bao

Jumatatu, 3 Novemba
Leo ni siku yangu! Bosi kasema watu wanachezea intaneti ya ofisi. Sisi tunauza mbao, lakini kufungua baruapepe moja unaweza kwenda kunawa ukarudi. Anataka kujua nani anaimaliza. Kazi nimepewa mimi, Msimamizi wa Ofisi. Nikiifanya vizuri, Jumamosi natangazwa Meneja Msaidizi na kupewa chumba cha pembeni. Chumba chenye mlango! Miaka sita nimekaa kati ya mtungi wa maji na mashine ya kuchapa. Kila mwenye kiu ananipiga kiwiko.

Nimemwita shemeji, ndugu wa mke wangu, fundi wa kompyuta. Kaja na programu yake. Unaipa neno, inahesabu nani kaliandika au kaliona mara ngapi. Haionyeshi habari yenyewe, inahesabu tu. Akaniuliza neno gani. Nikafikiri dakika nzima. Watu hapa wanafuatilia nini? Mpira. Na kwenye mpira wanatafuta nini? Bao! Shemeji akauliza kama nina hakika. Nikamwambia aandike, asinifundishe kazi.

Jumanne, 4 Novemba
Makubwa! Mzee Tepu, mtunza ghala, mara mia mbili na kumi. Huyu naye anakitaka chumba kile, eti apate pa kutundika koti. Kwisha habari yake. Lakini Mama Muhuri, katibu wetu, mara mia tatu na arobaini! Mama wa watu, miwani imefungwa kamba, kumbe shabiki wa kutupwa. Bosi mwenyewe tisini na tano. Jina lake nimelifuta. Sina wazimu.

Nikamchokoza Mama Muhuri kijanja. Nikapita mezani kwake nikauliza, kama utani, jana zilikuwa bao ngapi. Hata hakuinua macho. Kasema mia sita, na nyingine zinashushwa mchana.

Mia sita! Ligi gani hiyo sijui, lakini kakiri kwa mdomo wake.

Jumatano, 5 Novemba
Kuhesabu hakutoshi. Nimemwagiza shemeji awashe na kizuizi. Sasa barua yoyote yenye neno lile haifiki kwa mwenyewe, inaangukia kwenye kapu langu. Kuna mtu wa nje kamwandikia Mama Muhuri barua moja yenye bao kumi na nne! Sikuifungua, mambo ya wacheza kamari siyataki. Nimemzuia. Katuma tena. Nimemzuia tena. Mtu king'ang'anizi.

Nimewatumia wote tangazo la onyo. Hakuna aliyejibu, hata Bosi. Wameogopa.

Mtandao leo unakimbia ajabu. Bosi kanipigapiga begani. Mama Muhuri kaniletea chai, vijiko viwili vya sukari kama kawaida, akauliza kama intaneti ni nzima, maana anasubiri barua ya mkandarasi anayejenga mabweni ya shule. Nikamwambia haijawahi kuwa nzima hivi. Nilimwonea huruma kidogo, lakini chai nilikunywa.

Alhamisi, 6 Novemba
Siku mbaya. Barua ya mkandarasi haijaonekana. Kamlalamikia Bosi kwa simu kwamba asipojibiwa kabla ya kesho saa sita mchana, ananunua kwingine. Bosi kafoka mbele ya watu wote. Kasema barua ni kazi ya Mama Muhuri, oda ikipotea naye afungashe. Mama Muhuri kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena.

Roho iliniuma, sifichi. Nilipoanza kazi hapa ni yeye aliyenifundisha kuandika barua. Lakini angepunguza mpira angepata nafasi ya kuitafuta hiyo ya mkandarasi.

Jioni nimeazima tepu ya Mzee Tepu, nikapima dirisha la chumba cha pembeni kwa ajili ya pazia. Akauliza napima nini. Nikasema nafanya mazoezi ya mikono.

Ijumaa, 7 Novemba
Saa tano asubuhi nikaamua kumwokoa. Nikamwonyesha Mama Muhuri orodha yangu faragha, atubu kabla Bosi hajaiona. Kaisoma polepole. Kisha kachukua kalamu, kaandika neno MBAO kwa herufi kubwa, kaziba M kwa dole gumba, kaniambia nisome.

Nikasoma. Bao.

Akatoa dole gumba. Nikasoma tena. Jasho!

Akauliza kwa upole barua zenyewe ziko wapi. Nikamfungulia kapu. Sitini na moja. Yule king'ang'anizi ndiye mkandarasi: mbao za paa, mbao za dari, mbao za milango, mbao, mbao, mbao. Chini kabisa tangazo langu mwenyewe: wafanyakazi ambao watabainika, na ambao, na ambao. Nilijizuia mwenyewe.

Mama Muhuri kampigia mkandarasi simu saa sita kasoro dakika ishirini. Mkandarasi kafoka weee, nami nimesimama nyuma ya kiti nimeshika kichwa. Mwisho kakubali. Nikakaa juu ya mashine ya kuchapa.

Bosi kusikia yote hayo, kadai orodha ya wapenda mpira wa kweli. Shemeji, hana hata aibu, akaondoa mbao, akaondoa ambao, akachapa kilichobaki. Jina moja. Langu. Nilikuwa nafuatilia matokeo kwa ajili ya uchunguzi tu!

Jumamosi, 8 Novemba
Meneja Msaidizi ni Mama Muhuri. Chumba kapewa yeye, na mlango wake. Mimi nahamia ghalani, chini ya Mzee Tepu. Bosi alitaka nikae nyumbani moja kwa moja, lakini Mama Muhuri kaniombea. Kasema mimi ni mchapakazi, ila nikielekezwa. Machozi yalinilenga. Nimeapa kutomchunguza mtu tena maishani.

Jumatatu, 10 Novemba
Nahesabu mbao. Kutoka hapa ghalani nauona mlango wa Mama Muhuri. Umefungwa tangu asubuhi. Kwa nini ajifungie? Nimelipata jibu: mtu akishatishiwa mbele za watu lazima anatafuta ajira kwingine. Atatuacha! Mwanamke aliyenitetea! Siwezi kukaa kimya.

Nywila ya ile programu bado ninayo, hakuna aliyeniuliza. Nimempigia shemeji. Nimemwambia safari hii nimefikiri dakika mbili nzima. Neno fupi, safi, halimo kwenye mbao wala ambao. Anayetaka kuhama lazima ataliandika, na aliyetulia ofisini kwake hana haja nalo kabisa. Aweke "kazi".

Shemeji kaniuliza tena kama nina hakika. Naona kavutiwa.